Gari la Wagonjwa Haliingii Langoni

Ambulensi Kenya ni kazi ya kaunti. Katiba ya 2010 imeitaja wazi katika Jedwali la Nne, pamoja na vituo vya afya na maduka ya dawa ya kaunti. Nalitanguliza hili kwa sababu wengi wetu hapa Lamu tumebaki na picha tuliyoiona kwenye televisheni: mtu anabonyeza tarakimu tatu, na baada ya dakika chache king'ora kinalia mlangoni. Ghana walijaribu kuusogelea mfumo wa namna hiyo. Baada ya msiba wa uwanja wa mpira wa Accra, tarehe 9 Mei 2001, uliowaua watu 126, nchi yao iliunda Huduma ya Taifa ya Ambulensi, na Januari 2020 ikatoa magari mapya 307 kwa mkupuo mmoja ili kila jimbo la uchaguzi lipate lake. Rwanda wana SAMU, huduma yao ya ambulensi za dharura, nambari yao 912. Sisi tuna kaunti 47, kila moja na magari yake, simu zake na bajeti yake. Kwa hiyo mtu wa Lamu anayeuliza "ambulensi ya taifa naipataje?" inambidi kwanza aijue Lamu yenyewe.

Na Lamu si mahali pepesi pa kumfikia mgonjwa. Mji wa kale, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa miguu ya watu na kwato za punda. Gari la wagonjwa linaweza kupita ukingo wa pwani, lakini vichochoro vya mitaa ya Langoni na Mkomani havipitishi hata tuktuk. Hapo bado hatujatoka mjini. Kisiwa hiki hiki kina Shela, Matondoni na Kipungani. Ng'ambo kuna Manda. Kisha Pate, yenye Siyu, Faza, Tchundwa na Kizingitini. Kisha Ndau na Kiwayu. Na bara kuna Mokowe, Hindi, Mpeketoni na Witu, halafu Kiunga huko juu karibu na mpaka wa Somalia. Hospitali kuu ya kaunti, King Fahd, iko hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Faza wana hospitali, Mpeketoni pia. Kinachowashinda wote hao huvuka maji hadi Mokowe, kikashika barabara ya Witu na Garsen kwenda Malindi au Mombasa.

Hesabu sasa mgonjwa wa Kizingitini anavyobebwa: kutoka kitandani hadi diko, pale vyombo vinapotia nanga, diko hadi botini, boti hadi gati ya Lamu, gati hadi wodini. Ikiwa lazima aende Mombasa, arudishwe botini, avushwe Mokowe, apandishwe garini. Kila anapohamishwa kuna mtu wa kuamka, kuna chombo cha kutafutwa, kuna mlango wa kufunguliwa. Ndiyo sababu nasema huduma hii huwezi kuiita tu ukakaa ukisubiri. Lazima uishike mkono.

Nambari kwanza. 999 na 112 ni za dharura za polisi, na hupigwa bila malipo. 1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nayo ni bure, na shirika hilo lina kitengo chake cha ambulensi kiitwacho E-Plus. Hizo hifadhi, lakini usiishie hapo. Nambari inayomfaa zaidi mtu wa visiwani ni ya kituo cha afya kilicho karibu naye, ile inayopokewa na muuguzi wa zamu usiku, kwa sababu yeye ndiye anayejua boti ya wagonjwa iko wapi saa hiyo na nani ana ufunguo wake. Nambari hiyo haiko kwenye bango lolote la barabarani. Nenda kituoni leo hali yako nzuri, salimia, uliza. Chukua na ya mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Serikali iliwapa vifaa wahudumu hawa takriban laki moja nchi nzima mwezi wa Septemba 2023, vikiwemo vya kupima presha na sukari, na wengi wao wanajulikana mlango kwa mlango. Halafu chukua nambari za manahodha wawili. Wawili, kwa sababu mmoja atakuwa baharini.

Nyumbani kwetu nambari hizi zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya mlango wa jikoni. Simu yenye nambari zote inaweza kuwa ndiyo imekwenda sokoni na mwenyewe, au imezima chaji. Mtoto wa darasa la nne anaweza kusoma mlango.

Halafu kuna kupiga simu kwenyewe, jambo ambalo tunalifanya vibaya sana, na si kwa ujinga bali kwa hofu. Nimewasikia watu wazima, wenye akili zao, wakipiga kelele simuni: "Njooni haraka, mama anakufa!" kisha wakakata. Njooni wapi? Mama gani, ana nini? Aliyepokea anabaki kupiga nambari ambayo sasa inatumika, kwa sababu aliyekata anampigia shangazi wa Mombasa kumpa habari.

Anza na mahali ulipo. Mtandao ukikatika baada ya sentensi moja, sentensi hiyo iwe imebeba mahali. Kwetu hakuna nambari za nyumba, kwa hiyo tumia kile ambacho kila mtu anakijua: msikiti, madrasa, kisima, ngome, diko. Baada ya mahali, nambari yako ya simu. Kisha kilichotokea, wagonjwa ni wangapi, na mambo mawili ambayo mpokeaji atayauliza kabla ya yote: ana fahamu? anapumua? Umri. Kama ni mwanamke, ana mimba, na ya miezi mingapi. Mtu akisema, "Nipo Siyu, karibu na ngome, upande wa diko; mke wa ndugu yangu amejifungua nyumbani na damu inatoka nyingi haikomi, ana fahamu lakini anazidi kuwa baridi," basi aliye upande wa pili amekwisha kujua aite mkunga, abebe dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, aandae maji ya mshipa. Ukishasema, usikate mpaka uambiwe ukate. Simu hiyo iache laini wazi. Habari za shangazi wa Mombasa zipigwe kwa simu nyingine.

Mtu mmoja ndiye azungumze. Vijana wawili waende diko au gati na tochi, wakae hapo hapo mpaka chombo kifike, wasirudi kuuliza "mmeshampata?" Mwingine apite kichochoroni kuondoa mikokoteni na kuwasogeza punda. Mwingine akusanye kitambulisho, kitabu cha kliniki ikiwa ni mama mjamzito au mtoto, na dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwa ndani ya pakiti zake. Msimpe maji wala uji, hata akiomba. Anaweza kupelekwa chumba cha upasuaji, na tumbo lililojaa ni hatari pale. Tena wachague wa kufuatana naye wawili wenye afya na nguvu, walio tayari kutoa damu. Huwa naona wazee wawili wanaopendwa sana na mgonjwa ndio wanaopanda boti, kisha damu inahitajika na hakuna wa kutoa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba vifo vya akina mama hutokana na machelewo matatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kuifikia, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Sisi tukikaa barazani tunalaumu la pili na la tatu. Boti haina mafuta, daktari hakuwepo, barabara. Yote hayo ni kweli na nitayarudia. Lakini la kwanza ni letu, liko ndani ya nyumba zetu, na tunalificha kwa heshima.

Nimekaa katika nyumba ambamo msichana wa miaka kumi na tisa alikuwa akitokwa na damu baada ya kujifungua. Boti ilikuwapo. Nahodha alikuwapo, amekaa nje. Kilichokosekana ni neno. Bi mkubwa alisema, "Natumngoje mwenyewe arudi bahari," yaani mume wa msichana, ambaye simu yake haikushika. Mwingine akasema ni kawaida, hata yeye kwa mtoto wa pili ilikuwa hivyo. Mwingine akataka kwanza kisomo. Hakuna aliyemtakia mabaya yule msichana. Kila mmoja pale alimpenda. Mhudumu wa afya ya jamii ndiye aliyesimama akasema kwa sauti ya juu ambayo hatukuizoea kwake kwamba anampeleka sasa hivi, na mwenye kukasirika akasirike kesho. Alipona. Wakunga hufundishwa kwamba mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa ndani ya saa mbili, na sisi tulikuwa tumeshatumia sehemu kubwa ya muda huo kumtafuta mwanamume mmoja.

Kwa hiyo ninachowaomba wenye mamlaka nyumbani, waume, akina mama wakwe, akina ami: toeni ruhusa mapema. Mke akifika mwezi wa saba, mwenyewe aseme mbele ya mama yake na majirani, "Likitokea jambo mimi sipo, msiningoje." Kisomo kiendelee botini, kiendelee kwenye ngazi za gati. Dua hazihitaji mgonjwa akae kitandani.

Hali nyingine zisizongoja: mdomo umepinda upande mmoja, mkono mmoja umelegea, maneno hayaeleweki. Hicho ni kiharusi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu tangu dalili zianze, kwa hiyo angalieni saa na mwambieni daktari ilianza lini. Maumivu ya kifua yanayobana na kupanda mkononi au tayani. Degedege kwa mwenye mimba. Mtoto anayevuta pumzi kwa shida hadi mbavu zinaingia ndani. Kuungua sana. Aliyeanguka kutoka mnazini au darini asinyanyuliwe kwa makwapa na miguu, wala asipandishwe punda. Uti wa mgongo ukiwa umevunjika, mnaweza kumlemaza kwa kumsaidia. Na aliyeumwa na nyoka huko mashambani Hindi au Witu msimchanje, msimfunge kamba ya kukaza; mtulizeni, kiungo kisitingishwe, aende.

Kuzama kwatuhusu zaidi ya watu wa bara. Aliyetolewa majini hapumui, achaneni na ile desturi ya kumning'iniza kichwa chini au kumkanyaga tumbo ili maji yatoke. Kinachomuua ni kukosa hewa. Mlazeni chali, kichwa kirudi nyuma kidogo, mpulizieni pumzi mdomoni mpaka kifua kinyanyuke, kisha mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, kama sentimita tano kwenda chini, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkichanganya na pumzi mpaka msaada ufike. Msalaba Mwekundu na St John hufundisha haya. Ningefurahi kuona kila chama cha wavuvi, kila BMU, kamati ya kusimamia ufuo, ina watu waliofundishwa.

Machela pia si jambo la kungoja kutoka hospitalini. Huu ni mji wa boriti na matanga. Boriti mbili za mkoko zilizonyooka na kipande cha turubai au tanga la zamani kilichoshonwa pande mbili, basi, mna machela itakayopita kichochoro chochote. Mtaa mmoja ninaoujua wanayo, wameitundika msikitini karibu na jeneza, na leso mbili zimekunjwa juu yake kwa ajili ya sitara. Sitara si jambo dogo kwetu. Kuna wanawake wamekataa kubebwa mchana kwa kuona haya ya kupitishwa mbele ya wanaume waliokaa barazani. Leso mbili hulimaliza tatizo hilo.

Bahari nayo ina saa zake, na anayepiga simu lazima azijue. Njia ya Mkanda, kati ya Manda na bara, maji yakipwa hupitika kwa shida au haipitiki, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na chombo kinachotoka Pate kitalazimika kungoja au kuzunguka nje kwenye bahari kuu. Mwezi wa Juni na Julai kusi likikaza, kuzunguka nje na mgonjwa ni kuhatarisha roho nyingi. Mama mjamzito aliyekwisha kuambiwa kliniki kwamba ana presha, au mtoto amekaa vibaya, asingojee uchungu umkute Kizingitini usiku wa maji kupwa. Aje mjini wiki kabla, akae kwa jamaa. Hiyo nayo ni sehemu ya kuitumia ambulensi vizuri: kutoihitaji usiku. Na mkisafiri usiku, mpigieni chifu au kituo cha polisi kabla boti haijaondoka. Maeneo yetu yana doria za usalama tangu miaka ya mashambulizi ya magaidi, na boti isiyojulikana gizani husimamishwa.

Kwa walio na bima au uwezo, ndege za AMREF Flying Doctors, shirika lililoanza mwaka 1957, hutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, na Manda kuna uwanja wa ndege. Sitalirefusha hili, kwa sababu wengi wetu hatuna bima hiyo.

Tuzungumze pesa na sheria, kwa kuwa hofu ya gharama huwafunga watu midomo. Ibara ya 43 ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, imefafanua kwamba dharura hiyo huanza kabla ya hospitali, ikajumuisha kumtuliza mgonjwa na kumpeleka penginepo anapohitaji rufaa. Na taasisi yenye uwezo ikikataa, faini yake yaweza kufika shilingi milioni 3. Kataeni kuambiwa "lipeni kwanza" wakati mtu anakata roho. Mwaka 2015 majeruhi mmoja wa ajali alikaa saa 18 ndani ya ambulensi Nairobi akizungushwa kutafutiwa kitanda, akafa. Nchi nzima ililia. Haki yenyewe ilikuwa tayari imo katika Katiba, ila katika saa zote hizo 18 hakupatikana wa kuitetea mlangoni mwa hospitali. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, imeshika nafasi ya NHIF, bima ya zamani, na sheria yake ina mfuko maalumu wa dharura na magonjwa sugu na mahututi. Jisajili kwa *147# ukiwa mzima, umsajili na mama yako mzee asiyejua kubonyeza simu. Ukinyimwa huduma, andika saa, jina la kituo na uliyezungumza naye, kisha peleka malalamiko kwa idara ya afya ya kaunti, au kwa KMPDC, baraza linalosimamia madaktari na hospitali.

Nimesema wajibu wetu. Sasa wa kaunti. Tanzania wana mfumo wa m-mama kwa mama wajawazito na watoto wachanga. Unapiga 115 bila malipo. Aliyepokea anatafuta ambulensi, na kama haipo, anamwita dereva wa kawaida aliyesajiliwa, ambaye akimfikisha mgonjwa analipwa nauli yake na mfumo. Nikiusoma mfumo huo naiona Lamu. Manahodha tunao. Kila diko lina kijana anayelijua Mkanda gizani bila taa. Kinachowazuia kutoka saa nane za usiku ni mafuta, na kutojua nani atayarudisha. Leo hii familia inachangishana mlango kwa mlango mgonjwa akiwa amelala mchangani. Kaunti ikiwasajili manahodha wawili kila diko, ikawapa makoti ya kuokolea na mafunzo ya huduma ya kwanza, ikaweka fungu la mafuta linalolipwa kwa karatasi ya muuguzi aliyempokea mgonjwa, tutakuwa na ambulensi Kiwayu na Ndau kabla boti mpya haijanunuliwa. Boti mpya nazitaka pia. Lakini nimeziona zikizinduliwa kwa utepe na ngoma, na hotuba hizo huwa hazisemi nani nahodha wa zamu ya usiku wala pipa la mafuta linajazwa na nani.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya kupitishwa lazima wananchi wasikilizwe. Vikao hivyo huhudhuriwa na wachache, na wengi wao ni wanaume wa mjini. Mwaka huu nataka akina mama wa Faza, Tchundwa na Kiunga wapate nafasi ya kuzungumza pale, nauli zao tuzichange, na waulize kwa vinywa vyao: lita ngapi za mafuta ya boti ya wagonjwa zimetengwa kwa kila kituo, na anayezishika usiku ni nani.